Runinga Ijue Kupisha

Sebule ya Mji wa Kale, Mombasa, haina kazi moja. Chumba kilekile ambacho Jumamosi jioni kinavuma kelele za mpira ndicho kinachotandikwa majamvi ya hitima, ndicho kinacholaza wageni kutoka Lamu waliokuja arusini, na ndicho ambacho mama huketi na mashoga zake wakikunjua vitambaa na kupiga hesabu za mishono. Kwa hiyo kila nikisoma ushauri wa kigeni kuhusu kupanga chumba cha burudani, swali langu la kwanza huwa ni hilo chumba chenyewe kinatoka wapi. Wanaoandika wana chumba cha ziada chini ya nyumba, wakipake rangi nyeusi, watie viti vya kulalia, wafunge mlango. Sisi tuna sebule, na sebule ina wenyewe.

Msimamo wangu ni kwamba katika nyumba zetu runinga nzuri ni ile inayojua kupisha. Ukubwa, ung'avu na idadi ya spika ni mazungumzo ya baadaye. Kwanza uulize: mgeni mzito akibisha hodi, dude hili laenda wapi?

Mtu wa Mombasa anaijua ile picha. Nyumba imefiwa, viti vimetolewa nje, wanawake wameketi chini, na ukutani pana kitu cheusi kipana kilichofunikwa leso. Leso nayo haikosi jina. Nimewahi kuona moja yenye maneno ya kumrushia jirani vijembe, imening'inia waziwazi juu ya vichwa vya watu wanaosoma Yasini. Aliyeitundika alishika ya karibu tu, hakuwa na nia mbaya, lakini kila aliyeinua macho aliisoma.

Mama yangu ana malalamiko ya namna nyingine. "Mimi siitazami tivii," husema, "tivii ndiyo yanitazama mimi." Ana maana kwamba hata ikiwa imezimwa, kile kioo kimekaa pale mbele ya kila kiti, na kila kiti kimegeuzwa kukielekea. Watu wakija kuzungumza wanazungumza ubavuubavu.

Nyumba yetu iko Kibokoni, ghorofa ya juu, na ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, dari yake boriti za mikoko. Mwenye nyumba ya namna hii anafaa kujua jambo moja kabla hajaenda dukani: urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Boriti ya mkoko haibebi dari nzito ya mawe kwa umbali mkubwa, na ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za pwani huwa vyembamba, mita 2.5 hadi 3 hivi, halafu vinarefuka vitakavyo. Sebule yetu ina upana wa mita 2.8 na urefu wa karibu mita 7. Nyumba ilijengwa hata sinema haijafika huku, na bado ndiyo inayokuamulia ukubwa wa runinga.

Hesabu yake si ngumu. Kipimo kinachotumiwa sana na watu wa picha ni kwamba skrini ijaze pembe ya nyuzi 30 mbele ya macho, na hapo umbali wa kukaa huwa takriban mara 1.6 ya ule mshazari wa skrini unaopimwa kwa inchi. Ukiweka runinga kwenye ukuta mrefu na makochi ukuta wa pili, toa nafasi ya mgongo na mto, toa na unene wa runinga yenyewe, utabaki na mita 2.1 kutoka jichoni hadi kwenye kioo. Inchi 50 ni mita 1.27, zidisha kwa 1.6 upate mita 2 na ushei. Imeenea. Kaka yangu alitaka inchi 65, ambayo kwa kipimo hicho yataka mita 2.6, na chumba chenyewe hakina. Skrini zenye picha kali za 4K humruhusu mtu kusogea karibu zaidi bila kuona vidoa, hilo ni kweli, na kaka alilishikilia sana. Lakini shingo haijui 4K. Mechi nzima unageuza kichwa huku na huku kuufuata mpira.

Ila siku ya fainali, wanapokuja binamu na majirani, watu hawakai upande mmoja. Wanajipanga kwa urefu wa chumba, wa nyuma kabisa yuko mlangoni. Runinga iliyobandikwa ukutani moja kwa moja, kwao ni mstari mwembamba tu wa mwanga. Hapo ndipo tulipoamua kununua mkono: kile chuma chenye viungo kinachoshika runinga kwa nyuma, unaivuta mbele, unaigeuza, unaiinamisha, kisha unairudisha ukutani.

Mkono una siri ambayo muuzaji wa duka nililokwenda hakuitaja, nami nashukuru nilikuwa na futikamba mfukoni. Runinga ya inchi 50 ina upana wa sentimita 111 hivi. Ukitaka igeuke kabisa, itazame urefu wa chumba, nusu ya upana wake lazima ipate pa kupita, yaani mkono ujinyooshe zaidi ya sentimita 56 kutoka ukutani. Mikono mingi ya bei rahisi hukomea kwenye 40. Itageuka kidogo, kisha kona ya runinga igonge plasta. Pia tazama matundu manne yaliyo mgongoni mwa runinga. Umbali wake hupimwa kwa milimita na kuandikwa kwenye kijitabu chake chini ya jina VESA, na kwa runinga nyingi za ukubwa huu ni 200 kwa 200. Mkono uwe unaukubali umbali huo, na uwe umeandikiwa uzito unaozidi wa runinga yako kwa mbali.

Sasa ukuta. Hapa niliita fundi kutoka Bondeni, mtu mzima aliyewahi kukarabati nyumba za mtaa huu, na nililipa kwa roho safi baada ya kuona alivyofanya kazi. Hakushika drili kwa muda mrefu. Alipita ukutani akigonga kwa kifundo cha kidole, kichwa amekiinamisha. Mahali plasta ilipoachana na jiwe sauti ilikuwa pana, ya utupu. Akatia alama ya mkaa na kusogea. "Ukuta huu si wa tofali, yakhe," aliniambia. "Ndani mna jiwe, kando yake mna chokaa, kando yake mna mchanga. Wewe huoni, mimi sioni. Tumsikilize yeye."

Alipoanza kutoboa alizima ule mpigo wa nyundo wa drili, akaiacha izunguke tu, polepole. Ukipiga nyundo, matumbawe hupasuka na chokaa humomonyoka, na tundu la milimita 10 linakuwa shimo la kuingiza kidole gumba. Vumbi lilitoka jeupe laini, kisha la manjano lenye chembe, kisha drili ikazama ghafla bila kushika kitu. Akaitoa, akaziba tundu kwa chokaa, akahamia kiganja kimoja kando. Plagi za plastiki tulizozoea hakuzitaka hata kuziona. Alipuliza vumbi lote, akasukuma ndani kimfuko cha wavu, akajaza gundi ile ya sehemu mbili inayogeuka jiwe, akachomeka vyuma vyenye hesi, kisha akatukataza kuvigusa hadi kesho yake. Siku ya pili alileta ubao wa mvule mnene, akaukaza kwenye vyuma vyote sita, na mkono wa runinga akaufunga kwenye ubao. Mantiki yake ni kwamba runinga ya kilo 12 iliyovutwa nusu mita mbele haivuti chini tu. Inang'oa skrubu za juu zitoke. Ubao unagawa ile nguvu kwa ukuta mpana. Skrubu zote ni chuma kisichoshika kutu, kwa sababu hewa ya bahari ya huku hula chuma cha kawaida hata kikiwa ndani ya nyumba.

Unayekaa kwenye fleti ya kupanga Tudor au Bamburi, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya matundu, usihangaike na haya yote. Nunua stendi ya magurudumu yenye mlingoti, inayoshika runinga kwa matundu yaleyale manne. Ipeleke chumbani wageni wakija.

Kuna walioutafuta ufumbuzi wa jambo hilihili kwa fedha nyingi zaidi. Januari 2019, kwenye CES, maonyesho ya vifaa vya elektroniki kule Las Vegas, LG walionyesha runinga ya inchi 65 inayojikunja kama jamvi na kuzama ndani ya sanduku refu lenye spika. Inawezekana kwa sababu vioo vya OLED hutoa mwanga wake vyenyewe, kila nukta kivyake, bila taa ya nyuma, kwa hiyo kioo chote hufanywa chembamba mno hadi kikapindika. Walipoanza kuiuza Korea Kusini mwaka 2020, bei ilikuwa won milioni 100, zaidi ya dola 80,000 za wakati ule. Mwaka 2019 Samsung walitoa The Sero, ya inchi 43, inayogeuka kusimama wima mfano wa simu, na mwaka 2021 LG wakaleta StanbyME, ya inchi 27 juu ya magurudumu, yenye betri. Nayataja haya kwa sababu yananifurahisha. Wahandisi wa kampuni kubwa wamekaa miaka kujibu lalamiko la mama yangu.

Sisi tulijibu nusu ya pili ya lalamiko hilo kwa projekta. Runinga ya mkono ni ya kila siku. Ya umati ni kitambaa cha kurushia picha. Na hapa ule wembamba wa chumba ukageuka neema. Skrini ya projekta ya inchi 100 ina upana wa sentimita 221, na chumba chetu kina 280. Inakaa kwenye ukuta mfupi wa mwisho, mbele ya madirisha, na kwa kuwa boriti zimelala kwa upana wa chumba, lile bomba linalokunjia kitambaa linalala sambamba nazo. Fundi alitoboa boriti mbili kwanza kwa drili nyembamba, maana mkoko uliokauka miaka mingi ni mgumu ajabu, kisha akatia kulabu. Ukivuta uzi, kitambaa kinashuka. Ukivuta tena, kinapanda, na mgeni akiingia anaona boriti na dirisha, basi.

Projekta usiinunue kabla hujapima umbali. Kila moja ina uwiano wake wa kurusha picha: ikiwa ni 1.2, utazidisha upana wa skrini kwa 1.2, na kwa skrini ya sentimita 221 unapata mita 2.65. Hapo ndipo projekta itakapokaa, na ni juu yako kuhakikisha mahali hapo si njia ya kwenda jikoni. Ung'avu nao una ujanja. Hupimwa kwa lumeni, na sanduku litakuambia elfu tisa. Wewe tafuta penye neno ANSI karibu na tarakimu, maana hicho ndicho kipimo chenye kanuni. Kwa chumba chenye kiza, lumeni 1,000 za ANSI zinatosha inchi 100. Kwa mchana wa Mombasa, madirisha wazi upepo uingie, hata mara tatu ya hizo utaona wachezaji wamefifia wamekuwa vivuli.

Na saa za mpira hazitusaidii. Mechi za Jumamosi za ligi ya Uingereza zinazoanza saa 9 alasiri kwao, kwetu ni saa 11 jioni tangu Agosti hadi mwisho wa Oktoba, kisha wakirudisha saa zao nyuma zinakuwa saa 12. Ukiwa ni msimu wa saa 11, jua bado limo chumbani kipindi cha kwanza, na Maghribi inaadhiniwa kipindi cha pili. Ukiwa ni wa saa 12, adhana inaingia kipindi cha kwanza. Kwa vyovyote mechi hiyo tunaitazama kwenye runinga ya mkono, tena wengine wanaikosa vipande kwa kwenda msikitini. Kitambaa ni cha mechi za usiku, zile za Ulaya za saa 4 au saa 5, na cha filamu za watoto baada ya Isha. Anayesema projekta yatosha peke yake Mombasa, ama haangalii mpira ama ana mapazia mazito na kiyoyozi.

Kitambaa chenyewe kinataka kukumbukwa wakati wa kusi. Mvua za Aprili na Mei zikishika, chochote kilichokunjwa na kufungwa huota ukungu. Tunakiteremsha mara kwa mara hata kama hakuna cha kutazama, kipigwe na feni, kisha kipanguswe kwa kitambaa kikavu.

Vifaa vidogo ndivyo vinavyochafua sebule kuliko skrini yoyote. Tangu mitambo ya analogi ya runinga izimwe nchini mwaka 2015, king'amuzi ni lazima kwa runinga isiyo nacho ndani yake. Juu yake ikaja ruta ya intaneti, ikaja androidi boksi, ikaja gemu ya wapwa zangu, na kila kimoja na adapta yake nyeusi na waya wake unaojiviringa. Wazee waliojenga nyumba hizi walikuwa na vidaka, zile shubaka ndani ya ukuta zilizowekwa vyombo vya kauri na vitabu, na tunavyo viwili. Vilikuwa vimejaa risiti na chupa za manukato zilizokwisha. Tulivisafisha tukavitumia, ila kwa utaratibu wa joto. Kidaka kimezibwa pande zote isipokuwa mbele, kwa hiyo kifaa kinachochemka, hasa king'amuzi na gemu, hupika humo ndani. Kinachochemka tulikiweka kwenye kabati la chini lenye milango ya luva, zile mbao nyembamba zilizoinama zenye mianya kati yake. Kidaka kikabaki na rimoti, vidhibiti vya gemu, miwani ya bibi na chaja.

Luva zina faida ya pili. Rimoti nyingi bado zinatumia mwanga usioonekana, na mwanga huo haupiti ubao. Ukifungia king'amuzi nyuma ya mlango mzima itabidi mlango ukae wazi, na kabati lililo wazi halijaficha kitu. Kupitia luva, rimoti inafanya kazi ukiielekeza vizuri.

Kabati ni la mbao, si la ile mbao ya unga wa kugandishwa. Najua ile ya dukani ina rangi nzuri na inafika siku hiyohiyo. Hewa ya huku ikiingia kwenye kingo zake inavimba, bawaba zinalegea, na baada ya misimu miwili ya mvua milango haifungi. Kama bei ya mbao ngumu inakushinda, chukua plaiwudi ya marini, ile ya kustahimili maji, uipake vanishi mpaka kwenye kingo zilizokatwa. Na liwe na miguu ya kiganja kimoja. Nyumba ya Mombasa inapigwa deki, maji yanatembea, na ekstensheni iliyolala sakafuni inasubiri ajali. Yetu imefungwa chini ya rafu kwa skrubu, pamoja na kile kifaa cha kuilinda runinga stima inaporudi kwa kishindo.

Nyaya zinazofuata mkono wa runinga ziachie ulegevu. Nyosha mkono hadi mwisho, geuza pande zote mbili, ndipo upime waya. Ukibana sana, siku moja mtoto ataivuta runinga na tundu la HDMI, lile la waya wa picha na sauti, litoke na waya. Sauti ya runinga tumeipeleka kwenye spika kwa waya mmoja wa HDMI, kupitia tundu lililoandikwa ARC, na hiyo ikaondoa nyaya mbili na rimoti moja. Bibi amebaki na rimoti mbili: ya king'amuzi, yenye kipande cha utepe mwekundu kwenye kitufe cha tamthilia zake, na ya runinga, ambayo anajua kitufe kimoja tu cha kuzima. Anakijua vizuri. Akiona mpira umepitisha saa yake, anakitumia.

Chini ya madirisha fundi alitutengenezea benchi refu mfano wa baraza, lenye mifuniko. Juu yake takia, ndani yake majamvi, magodoro ya wageni, na projekta ndani ya sanduku lake pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Siku ya hitima mkono unakunjwa, runinga inalala ukutani ndani ya fremu ya mvule yenye vilango viwili vya nakshi nyepesi, vinafungwa. Mama alivichagua mwenyewe hivyo vilango na gharama yake hajamwambia mtu.

Kilichobaki ni sabufa, ile spika ya mdundo mzito. Sakafu ya boriti na chokaa hupeleka mdundo moja kwa moja kwa jirani wa chini, hata ukiiweka juu ya vipande vya mpira wa gari vinavyopunguza mtikisiko, na jirani ni mzee wa watu, hasemi kitu, anapanda tu na kutuuliza kama tumesikia ngurumo. Mama amehukumu sabufa ikae chumbani kwa kaka, itoke kwa arusi peke yake. Kaka amekata rufaa. Kesi itasikizwa baada ya Idi.